Risiti Nayo ni Karatasi

Nimechelewa kuandika haya kwa kuwa nilitumaini yangepoa yenyewe, na hayajapoa. Kila nikikaa mbele ya kompyuta mpakato hii, ile niliyoinunua kwa zamu yangu ya upatu na kuwasumbua nayo hapa kwa furaha, namsikia yule fundi wa Kariakoo akisema pasipo kuinua macho: "Kijana, mwambie dada ameuziwa stika."

Kijana ni Idrisa. Dada ni mimi, niliyekuwa nimesimama bega kwa bega na Idrisa kwenye kaunta ileile, kompyuta ikiwa yangu na swali likiwa langu. Nilikuwa nimemweleza fundi kwamba ninachora nyumba kwa Blender, programu ya kuchora kwa kompyuta, kwamba kompyuta iliuzwa ikiwa na kadi ya grafiki, kile kifaa cha kushughulikia picha, aina ya NVIDIA GeForce GTX 1650, na kwamba kila ninaporenda picha ya sebule, yaani ninapoiagiza kompyuta ikokotoe picha ya mwisho, feni hupiga kelele, kichakata hufika asilimia 100, na kazi hujikokota utadhani kadi hiyo haimo kabisa. Akafungua ukurasa wa Windows unaotaja kifaa kinachoendesha skrini, akaona jina la Intel, kampuni iliyotengeneza kichakata, peke yake, akaufunga; kwake NVIDIA ilikuwa stika tu iliyobandikwa nje. Nikasema risiti ninayo na kadi imeandikwa humo. Hapo ndipo aliponitazama. "Risiti nayo ni karatasi, dada." Nami nikamjibu, "Ahsante, fundi."

Ni hiyo ahsante inayoniuma. Nimeirudia kichwani nikikuna nazi, nimeirudia nikisubiri wateja wajibu ujumbe, na hata Jumamosi, wajomba walipokuwa wakihesabu mahari ya Zuhura nami nikipita na sinia la sambusa, nilikuwa bado pale kaunta. Mtu anakwambia mbele ya mtoto wa dada yako kwamba umetapeliwa, nawe unamshukuru! Nimemtungia majibu mengi tangu siku ile. Lililo bora ni refu mno kwa mtu mwenye foleni ya wateja, kwa hiyo nalitua hapa.

Alichokiona kilikuwa kweli, ila hakikuthibitisha alichokisema. Katika kompyuta mpakato nyingi za aina hii, skrini haikuunganishwa na kadi kubwa. Imeunganishwa na kadi ndogo iliyomo ndani ya kichakata cha Intel, na ile ya NVIDIA inapofanya kazi, picha iliyokamilika hunakiliwa kwanza kwenye kumbukumbu ya Intel ndipo ionekane kwa macho. NVIDIA waliuleta mpango huu mwaka 2010 kwa jina la Optimus, kwa ajili ya kuokoa betri, kwa sababu kadi kubwa hula umeme na ni afadhali ilale mpaka programu fulani iihitaji. Basi ukiuliza ni nani anayeendesha skrini, utajibiwa Intel, hata kama NVIDIA imo na ni nzima. Fundi wangu alibisha hodi, akafunguliwa na mpangaji, akahitimisha kwamba nyumba haina mwenyewe.

Mvua za Jumatatu zilifunga Jangwani, mwendokasi ukasimama, nami nikabaki Magomeni na hasira zangu. Nikafungua orodha ya vifaa vya kompyuta, na chini ya vifaa vya skrini yalikuwapo majina mawili, la pili likiwa hilo hilo la kwenye risiti. Draiva yake, yaani programu inayoiwezesha kadi kuelewana na Windows, ilikuwa ya zamani, nikapakua mpya kutoka tovuti ya NVIDIA kwa bando la usiku.

Kilichonishughulisha zaidi ni kutambua kwamba kadi huombwa kwa milango miwili tofauti. Ninapoizungusha nyumba kwenye dirisha la Blender, Windows ndiyo inayoamua kadi gani ichore, na uamuzi huo hubadilishwa katika mipangilio ya mfumo, sehemu ya skrini, kisha grafiki: unaiongeza Blender kwenye orodha na kuichagulia utendaji wa juu badala ya kuiachia Windows iamue. Chaguo hilo limo tangu toleo la Windows 10 la Aprili 2018. Lakini Cycles, injini inayokokotoa mwanga na vivuli vya picha ya mwisho, haisikilizi mipangilio hiyo. Yenyewe huelekezwa ndani ya Blender, kwenye mapendeleo ya mfumo, ambako unachagua CUDA, njia ya NVIDIA ya kuitumia kadi kufanya hesabu, na kuitia alama kadi yako, halafu katika mipangilio ya mchoro wenyewe unabadilisha CPU (kichakata) kuwa GPU (kadi ya grafiki). Ukifanya la kwanza ukaacha la pili, nyumba itazunguka vizuri kwenye skrini, na kurenda kutabaki mzigo wa kichakata. Hata nilipoyatimiza yote mawili, kwenye Task Manager, ile programu ya Windows inayoonyesha kazi za kompyuta, grafu ya GPU iliyoandikwa 3D ilibaki imelala chini, nikashtuka, mpaka nilipobadilisha grafu ionyeshe Cuda, maana hesabu hizo zilikuwa zikienda huko.

Picha ya sebule, ambayo ilikuwa ikila muda wote wa kati ya Magharibi na Isha, safari hii ilikuwa tayari niliponyanyuka kwenye mswala na kupitia jikoni kuchukua chai. Nilipiga kelele, Mama akadhani ni panya.

Furaha hiyo haikufika asubuhi. Nilifungua ujumbe wa zamani nimtafute yule mteja wa Goba, aliyetaka video ya kutembea ndani ya nyumba yake kabla haijajengwa. Nilimwelekeza kwa mwenzangu, kwa kuwa sekunde moja ya video ni picha 24, na kwa mwendo wa kichakata ningekuwa narenda mpaka Iddi. Chini yake kulikuwa na wa Kibada, kisha mwingine ambaye hata jina lake sikulihifadhi, na wote niliwajibu kwa adabu kwamba mashine yangu haimudu. Nikaanza kukokotoa fedha, nikaiacha hesabu njiani. Tangu hapo fundi amepungua ukubwa, ingawa si kwa namna niliyoitaka.

Idrisa ameuliza, "Mama mdogo, twende tukamwonyeshe?" Nimemwambia tusubiri Jangwani pafunguliwe. Pamefunguliwa tangu Jumatano na yeye anajua.

Jambo jingine halihusiani na haya. Baba analalamika ganzi kwenye mguu wa kushoto, na kliniki yake ya sukari ni mwezi ujao. Nikitaja kumpeleka mapema, anasimama na kutembea uani kunionyesha kwamba hana neno, na jana alipokuwa akinionyesha kandambili ilimtoka mguuni bila yeye kujua.