Siku moja maishani mwangu: wiki ya makadirio, Mwanza

Saa 12 asubuhi
Jumanne, 26 Machi 2024. Mimi ni mshauri wa kodi na fedha. Kabla ya chai naangalia kalenda. Tarehe 31, mwisho wa awamu ya kwanza ya kodi ya mapato, inaangukia Jumapili ya Pasaka, na Ijumaa Kuu ni tarehe 29. Kwa wateja wangu, basi, mwisho ni Alhamisi. Natuma ujumbe kwa wote ambao bado hawajafanya makadirio, yaani kukadiria kodi watakayolipa mwaka huu, halafu natoka.

Saa 2
Mwaloni, Kirumba. Jana mwezi ulikuwa mpevu, ndiyo maana nimechagua wiki hii kuja kuonana na wauza dagaa. Siku za giza wavuvi huwasha taa majini, dagaa wakaifuata nuru hadi kwenye nyavu. Mbalamwezi ikitawala, ziwa lote linang'aa na taa haivuti kitu. Mitumbwi inalala ufukoni, na kina mama wanapata nafasi ya kuzungumza.

Mama niliyemfuata ananikaribisha juu ya gunia. "Mwangaluka, mwanangu. Hao watu wa kodi watanimaliza."

"Hawakumalizi, mama. Naomba daftari."

Analo, na ameliandika vizuri: magunia aliyonunua, aliyouza, nauli, chumvi, ushuru. Tunajumlisha pamoja na kukadiria mauzo ya mwaka kuwa milioni 9. Kwa mfanyabiashara mdogo asiye na kumbukumbu, mauzo ya kati ya milioni 7 na 11 yanatozwa shilingi 250,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000, na juu yake asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 7. Milioni 2 zilizozidi zinazaa 60,000, jumla 150,000. Ukigawa kwa awamu nne, Machi, Juni, Septemba na Desemba, ni 37,500 kila awamu.

Anarudia hesabu kwa vidole, kisha anauliza, "Kwa hiyo hili daftari ni laki moja?" Ndiyo, mama. Laki moja kila mwaka, kwa kalamu tu. Mkoa huu una watu wengi wanaoogopa kodi kuliko wanavyopaswa, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa nao akawaonyesha jedwali la viwango hivi.

Tunabaki kwenye jambo gumu zaidi. Kodi inafuata robo ya mwaka, ila kipato chake kinafuata mwezi wa angani. Wakati wa mbalamwezi mfuko ukikauka, mkopo wa kausha damu ndio ulio karibu, na riba yake inakula faida yote ya giza linalofuata. Tumepanga hivi: kila wiki ya giza atoe fungu la kodi na fungu la chakula cha siku za mbalamwezi, ayaweke kwenye laini ya simu asiyoitumia kwa biashara. Fedha ya dagaa isichanganyike na ada ya wajukuu. Hili nalisisitiza kwa kila mtu, na nitaendelea kulisisitiza.

Saa 5
Ofisini, chumba kimoja mjini. Kampuni moja imenilipa ada ya milioni 1. Imeingia 950,000, maana asilimia 5 ni kodi ya zuio, ambayo mlipaji huikata kabla ya kunilipa. Naomba cheti cha zuio siku hiyohiyo. Bila cheti, hiyo 50,000 siwezi kuidai kwenye kodi yangu ya mwaka. Sisi watoa huduma za kitaalamu hatumo kwenye jedwali la wafanyabiashara wadogo: tunatunza hesabu kamili na kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi, ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kufungwa.

Saa 8
Mwalimu mstaafu amekuja na mafao yake ya mkupuo. Mtoto wake anataka yote yakanunue daladala. Namuuliza: mzee, gari likilala gereji miezi miwili, mtakula nini? Namweleza hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, zinazoanzia shilingi milioni 1 na kulipa riba mara mbili kwa mwaka, na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, ambako vipande (sehemu za mwekezaji kwenye mfuko) huuzwa fedha ikihitajika. Sina leseni ya kuuza uwekezaji, kwa hiyo kununua atakwenda mwenyewe kwa waliosajiliwa.

Wiki iliyopita dalali wa viwanja aliniahidi kamisheni kwa kila mstaafu nitakayempelekea. Nilikataa. Mzee huyu amenilipa ada yangu ya kikao, naye ndiye peke yake ninayemfanyia kazi.

Saa 11
Nimerudi kutoka Mamlaka ya Mapato (TRA) na wateja wawili. Foleni ndefu, lakini namba za malipo zimetoka.

Saa 3 usiku
Fundi seremala wa Igoma amepiga simu. Risiti zake zote zimo kwenye mfuko wa rambo, zimevurugika, na anaona haya kuja nazo. Nimemwambia aje kesho saa 2 na mfuko kama ulivyo, asitupe hata karatasi moja.