Cinna yule mshairi

Jumapili usiku, Moshi. Mlima haujaonekana tangu Alhamisi.

Leo ilikuwa mara ya nne kwenda gerezani na wenzangu wa kwaya. Simu tunaziacha getini, tunapekuliwa, tunavuka uwanja hadi bwaloni. Tunafanya na wafungwa Juliasi Kaizari, mchezo wa kuigiza wa Shakespeare, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963. Kitabu ni kimoja, cha marehemu baba, kimeshonwa kwa uzi wa viatu. Wengine wanasoma fotokopi.

Nilikuwa nimejiandaa kuwahutubia wafungwa. Kwamba kule Robben Island, kisiwa cha gereza Afrika Kusini, mfungwa wa kisiasa Sonny Venkatrathnam alifunika kitabu chake cha Shakespeare kwa kadi za Diwali ili askari wadhani ni cha dini, na kwamba kilipozungushwa kwa wenzake, Mandela alitia sahihi, tarehe 16 Desemba 1977, kando ya maneno ya Kaizari kuhusu waoga wanaokufa mara nyingi kabla ya siku yao. Walinisikiliza kwa adabu, kama watu wanaosikiliza matangazo ya kanisani. Nyapara akauliza, "Mwalimu, na huyo mwenye kitabu alitoka?" Alitoka, nikasema. Hapo ndipo wakapiga makofi.

Nilidhani watamgombea Brutus, rafiki wa Kaizari aliyeshiriki kumuua. Wapi! Brutus wamemwona mtu wa maneno mengi, na Kaizari anakufa mapema mno. Waligombea onyesho dogo ambalo nilikuwa nimepanga kulikata. Kaizari ameshauawa, Mark Antony, mtu wa Kaizari, ameshawasha moto kwa hotuba yake, na wananchi (wale magazeti yetu huwaita wenye hasira kali) wanakutana na mtu njiani. Jina lako nani? Cinna. Mmoja wa waliomuua Kaizari naye ni Cinna. Mimi ni Cinna mshairi, analia. Basi afe kwa mashairi yake mabaya!

Walicheka, kwa kuwa imeandikwa ichekeshe. Kisha kicheko kikaisha chenyewe. Kijana mmoja akasema aliwahi kulala lokapu siku kumi na moja kwa jina kufanana na la mtu mwingine. Sikuwa na la kumjibu. Ikaonekana wazi Cinna ni wake.

Mwananchi wa kwanza alikuwa mzee mmoja asiyependa kuongea, ila akipiga kelele za "mrarueni!" hata askari wa mlangoni anageuka. Leo alifika katikati ya mstari akanyamaza. Akaomba wabadilishane na yule kijana.

"Kwa nini, mzee wangu? Hapo unaweza sana."

"Ndiyo maana, mwalimu. Sauti hii niliwahi kuitoa sokoni. Yule naye alikuwa anataja jina lake."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Kijana akampa karatasi yake, shikamoo ikamtoka sijui kwa nini, maana walishasalimiana asubuhi. Tukarudia. Mzee akasimama katikati, mikono imelegea, wenzake wakamzunguka. Jina lako nani? Akataja jina. Halikuwa Cinna, wala halikuwa lake.

Mimi ni mwepesi wa kusahihisha, wanafunzi wangu wanajua. Leo niliacha. Waliendelea mpaka mwisho, kisha filimbi ya kuhesabiwa ikalia.

Nimekaa na kitabu cha baba hapa mezani. Nimefuta ile mistari ya penseli niliyokuwa nimelikatia onyesho.