Dakika tano makaburini, alfajiri ya Pasaka

Sisi Wakristo wa Kanisa la Moravian, Pasaka haianzii kanisani, inaanzia makaburini. Usiku wa manane matarumbeta yanapita kuamsha watu, na kabla hakujapambazuka tumeshasimama kati ya makaburi, kila mtu na wake. Desturi hiyo ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana walipokwenda makaburini kulisubiri jua la Pasaka wakiimba. Huku kwetu kanisa hilo lilifika na wamisionari walioanza kazi Rungwe mwaka 1891.

Mimi nilikuwa nimeacha kwenda. Mdogo wangu alipofariki niliambiwa "kazi ya Mungu haina makosa" mara nyingi mpaka nikaichukia ile sentensi. Mahubiri ya maziko yalikuwa ya kututisha tutubu, kisha yakaja matangazo ya rambirambi. Ufufuo ulitajwa mara moja, juu juu, watu wakishaanza kukung'uta udongo kwenye viatu. Sijui ni lini tulianza kuuona kama salamu ya kufungia barua, wakati Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba bila huo imani yote ni bure.

Mwaka wa tatu mchungaji akanipigia. "Mama, neno la alfajiri utalitoa wewe. Dakika tano tu." Nikamjibu nitaliombea, na kila mzee wa kanisa anajua hiyo ni namna ya kukataa kwa heshima. Yeye akaipokea kama ndiyo.

Nikaandika kurasa nne: mbegu inayokufa ardhini, mwili wa kuharibika na usioharibika, parapanda ya mwisho. Jioni nikamsomea mtoto wa marehemu, anayeishi kwangu, ana miaka tisa. Alisikiliza kwa adabu, halafu akauliza, "Mama mkubwa, mama akifufuka atanijua? Si nitakuwa nimekua?"

Nikamwambia tule kwanza, ndizi zinapoa.

Usiku ule sikulala. Nilifungua Yohana 20, sura ninayoijua tangu kipaimara. Mariamu Magdalena analia kaburini, anageuka, anamwona Yesu amesimama, naye anadhani ni mtunza bustani. Nimeisoma miaka yote bila kushtuka kwamba hakumtambua mtu aliyemfuata tangu Galilaya. Labda ni machozi, labda kulikuwa bado giza. Sura haikumsaidia. Alimjua pale alipoitwa, "Mariamu."

Asubuhi nikamkuta mtoto anasugua miguu kwenye beseni. Nikamuuliza, "Mama yako alikuwa anakuitaje?"

Alikaa kimya mpaka povu likaisha. "Babangu," akasema. "Wengine hawaniiti hivyo."

"Basi usihofie kukua. Hata Mariamu alimjua Bwana alipoitwa jina."

Kurasa nne nikaziacha kabatini.

Jumamosi tulikwenda na jembe tukapalilia kaburi. Usiku ikanyesha kama inavyonyesha Tukuyu mwezi wa nne, kwa hiyo alfajiri tulifika na mabuti, miavuli na tochi za simu, kaburi letu limerudi kuwa tope. Nilianza kwa kukiri kwamba mitume wenyewe, wanawake walipowaletea habari ile, waliiona ni upuuzi, Luka ameandika waziwazi. Niliona mabega yakishuka. Watu hawakuwa wamekuja pale na imani kubwa, walikuja na wafu wao. Kisha nikawapa habari ya Mariamu na swali la mtoto wangu, ambaye alinikubalia kwa sharti nisitaje alivyokuwa akiitwa. Mwisho nikaomba kila mmoja alitaje kwa sauti ndogo jina la mtu wake.

Hapo ratiba ikaharibika. Bibi mmoja jirani yangu alitaja kumi na moja bila kupumzika, wengine walikuwa ndiyo kwanza wanaanza. Mchungaji akapaza, "Bwana amefufuka!" na jibu halikuja, watu bado wanaita. Mpiga tarumbeta akanitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye ufunguo. Ndipo likaja, limechelewa na halikupangika, huku likitokea pembe hii na ile: "Amefufuka kweli kweli!"

Tangu siku hiyo nimebadili namna ya kwenda msibani. Siku ya maziko nabeba maji na kuosha vyombo, sihubiri. Narudi baada ya matanga, maturubai yameshateremshwa na simu za pole zimekatika, naketi jikoni na mfiwa, namuuliza lile swali la beseni. Juzi nilikuwa kwa mjane mmoja aliyekuwa hataki hata kufungua dirisha. Alifikiri kidogo, akajifuta pua kwa pindo la kitenge.

"Alikuwa ananiita Mzungu," akasema, na kicheko kikamtoka. "Kwa sababu ya kuchagua chakula."

Chai ilikuwa haijachemka. Nikatoa Biblia kwenye mkoba, nikamtafutia Yohana 20.