Bei ya Mdomoni

Jioni nzima leo nimekaa na majibu ya dodoso nililoliandika mwenyewe, na kadiri nilivyoyasoma ndivyo nilivyozidi kuyatilia shaka. Niliwauliza watu wangelipa kiasi gani kwa huduma ambayo bado haijaingia sokoni, nao wakanijibu kwa ukarimu mkubwa, ukarimu wa mtu ambaye mkono wake haujagusa mfuko. Sidhani walinidanganya. Kujibu hakukuwagharimu chochote, na wengine, nahisi, walitaka tu kunifurahisha.

Nimeukumbuka utafiti mmoja wa Marekani kuhusu ndege wanaokufa katika madimbwi ya mabaki ya mafuta. Kundi moja la wahojiwa liliulizwa lingelipa kiasi gani kuokoa ndege 2,000, la pili ndege 20,000, la tatu ndege 200,000, na wastani wa majibu ukawa dola 80, 78 na 88. Idadi ya ndege iliongezeka mara mia, bei ikabaki karibu palepale. Kwa maoni yangu, walichokipima wahojiwa wale ni huruma yao wenyewe, wala si ndege.

Ndiyo maana navutiwa na njia ya kupima bei ambayo mtu yuko tayari kulipa, waliyoibuni watafiti Becker, DeGroot na Marschak mwaka 1964. Mhojiwa hutaja bei ya juu kabisa anayoikubali, kisha bei nyingine hutolewa kwa bahati nasibu. Isipozidi aliyoitaja, hununua kwa bei hiyo ya bahati nasibu na kutoa fedha papo hapo, na ikizidi, haruhusiwi kununua. Tuseme kitu kina thamani ya 7 kwake. Akijitutumua kutaja 10, na bahati nasibu ikatoa 9, atalipa 9 kwa kitu cha 7. Akijifanya bahili kwa kutaja 5, na ikatoka 6, atakikosa kitu ambacho angekinunua kwa moyo mkunjufu. Kusema kweli ndiko kunakomfaa.

Tatizo ni kwamba wengi huidhania njia hii kuwa mapatano ya bei, wakaanza kwa kutaja kiasi kidogo kama wafanyavyo sokoni, kwa hiyo hawana budi kufanyishwa mazoezi kwanza. Tena inahitaji kitu cha kumkabidhi mnunuzi, nami sina. Kesho nitaomba tuandae toleo dogo la majaribio, hata la watu ishirini tu, ili walipe kweli. Ule wastani wa dodoso sijauingiza kwenye ripoti.