Gute ya batoto: mapera, makala na jua ya kipwa

Mi naona mapishi mingi ya gute (kale kachakula ya batoto kati ya chakula na chakula) ya matunda yenye inazunguka ku intaneti iliandikwa kwa bantu benye kuwa na furu ya kuran (umeme) saa yote, na jelatini mu kabati, na fraise mu friji mwezi wowote. Siye ba Lubumbashi tuko na mapera. Tena mingi, mpaka inaanguka chini ya muti inaoza, kuku njo inafaidi, na palepale mama anatuma mutoto ku duka akanunue biskwi ya gute ya kesho ku masomo. Hiyo njo inanisumbua mi.

Sisemi biskwi ni sumu, batoto bangu banaikula na banaipenda. Lakini tufanye hesabu kidogo. Mu 2015 OMS, shirika ya afya ya dunia, iliomba sukari ya kuongeza isipite 10 % ya nguvu yenye mutu anapata mu chakula ya siku, na ikiwezekana ibakie chini ya 5 %. Kwa mutoto mwenye kukula kama kalori 1.400, ile 10 % ni gramu 35 hivi, na sukre (soda) moja ya 33 cl peke yake inabeba karibu zote, bado hujahesabu chai ya asubuhi na bonbo. Na kintu yenye bamama mingi habajui: buki (asali) iko mule mule mu hesabu, na juisi pia, hata ile unakamua weye mwenyewe ku nyumba na mikono yako. Tunda nzima, na nyama yake, haimo. Kwa hiyo kama unatafuta gute nzuri, usitupe nyama ubakishe maji, kamata tunda yote.

Sasa mapera, tutaipika halafu tuianike ku jua. Chagua yenye imeiva, ya manjano, inanukia, usikamate ile ngumu ya kijani. Osha muzuri, kata ncha na sehemu yenye ina bududu (angalia ndani kabisa, mapera inaficha), kata vipande, weka mu sufuria na maji kidogo tu, funika, iache ichemke mpaka inalainika, dakika 20 hivi. Halafu pitisha mu pasuwari ukisukuma na kijiko, mbegu inabaki juu, uji mwekundu ao mweupe unashuka chini. Hapa kuna bantu benye kumwanga sukari nusu kilo. Hapana! Mapera yenye imeiva haiombi sukari, weka maji ya ndimu moja basi. Rudisha ku mbabula, makala kidogo, moto pole, na ukoroge na mwiko kama unasonga bukari, bila kuenda kuchati ku simu juu ikishika chini imeungua yote, na ukiona ile uji inaanza kuachana na sufuria ujue imefika. Mapera iko na pektini mingi (ile kintu yenye inafanya jamu ishikane) mu mwili wake, njo maana inajishika yenyewe bila jelatini wala unga.

Kisha pakaa mafuta kidogo sana ku plato, tandaza nyembamba, milimita 3 ao 4, sawasawa pande zote, na uweke ku jua. Funika na kitambaa chepesi kama tule ya rido ya zamani yenye umefua, juu ya nzi, na usianike kando ya barabara yenye malori ya minerai inapita, ile vumbi ya kwetu hatuitaki mu tumbo ya batoto. Mangaribi ingiza ndani, umande utaharibu kazi. Ya pili yake rudisha, na uigeuze. Ukigusa na kidole isishike, na ukiikunja isivunjike, imekauka. Mwenye kuwa na furu na kuran yenye haiendi-endi, digri 60 mpaka 70, masaa 6 ao 8, lakini weye mwenyewe unajua namna kuran iko.

Na angalia vile mambo imejipanga: mapera inajaa ku soko kuanzia mwezi wa 2 mpaka wa 5, mvua inaisha mwezi wa 4, kisha kipwa inaingia na jua kavu ya kila siku. Embe ni kinyume, inakuya na mvua, mwezi wa 11, wa 12, ukianika leo kesho imeota kuvu. Embe mi siianiki. Naiponda, nachanganya na yawurti bila sukari, namwanga mu vikombe bidogo na kijiti katikati, na siku kuran iko naweka mu konjelateri. Inatosha.

Kama unataka kabisa ile gute ya kutetemeka ya jelatini, jua kintu moja: nanasi mubichi na paipai mubichi haitashika, utangoja mpaka kesho. Iko na ndani yake kintu yenye inakula protini, ni ile ile yenye bakoko balikuwa banatumia wakiweka paipai ku nyama ngumu ili ilainike. Chemsha kwanza lile tunda, nguvu yake itakufa, halafu jelatini itakubali. Mi naona ni kujipa kazi bure wakati mapera iko, lakini kila mutu na roho yake.

Mambo ya afya nasema haraka. Pera mubichi iko na vitamini C karibu mara nne ya chungwa, na moto inapunguza ile vitamini, kwa hiyo ile yenye imepikwa haiondoi mubichi, mupe zote mbili. Kintu ya kukauka inanata ku meno na sukari yake ya tunda imejikusanya, njo naitoa pamoja na chakula, kisha maji, sipendi mutoto atembee nayo mu mukono siku muzima. Mutoto chini ya mwaka moja asipewe buki hata tone, juu ya botulisme (ugonjwa ya sumu ya mikrobe), hata koko akisema bote balikula na habakufa. Na kwa badogo chini ya miaka 4 kata nyembamba sana, na masuku (yale matunda ya pori) uondoe mbegu weye mwenyewe kabla ya kumupa, inateleza mu koo.

Kwa kubeba ku masomo, kata vipande birefu, kunja na karatasi safi katikati juu ya joto inashikana, na weka mu chupa kavu yenye kufungika. Ukiona alama ya kuvu ku kipande kimoja, tupa chupa yote, usichague-chague.