Vinundu kwenye kibofu cha binti yangu

Nimetoka kuongea na daktari wa watoto wa mambo ya mkojo na bado kichwa kinazunguka, naandika kabla sijasahau. Binti yangu ni wa UTI za kujirudia, homa, anakojoa matone huku analia, anapewa antibayotiki anapona halafu baada ya muda tupo palepale. Safari hii wamempiga nusu kaputi wakaingiza kakamera kadogo, wakakuta ukuta wa kibofu kwa ndani una vinundu vidogo vidogo, sasa mimi kusikia tu vinundu akili ikakimbilia kansa moja kwa moja.

Siyo kansa jamani. Inaitwa sistaitisi sistika, utando wa ndani wa kibofu umechokozwa na maambukizi muda mrefu mpaka ukaota vivimbe, kwa watoto huonekana zaidi kwa wasichana na havikatwi wala nini, UTI zikidhibitiwa vinanywea vyenyewe ila taratibu mno, unaweza kusubiri miezi mingi hata miaka. Hiyo ya kusubiri ndo imenichosha kabla hata sijaanza.

Kumbe shughuli yenyewe ipo chooni. Huyu mtoto anabana mkojo kama analipwa, akinogewa na mchezo haendi mpaka aanze kuchezacheza miguu, halafu choo chake kigumu, na nilikuwa sijui kwamba kinyesi kikijaa kinakandamiza kibofu, mkojo haumaliziki, unaobaki ndo bakteria wanazaliana humo, hasa E. coli ambao wanatoka hukohuko kwenye utumbo. Kwa hiyo tumepewa dawa ya kulainisha choo, dozi ndogo ya antibayotiki kila usiku, na ratiba ya kukojoa kila baada ya saa 2 au 3 hata kama anasema hajabanwa, miguu ikanyage kitu isining'inie, asiinuke haraka. Akipata homa tena mkojo uoteshwe maabara kabla ya dawa ili ijulikane ni bakteria gani na anasikia dawa ipi, hapo nimefurahi sana maana hii ya kubadilishiwa antibayotiki kwa kubahatisha sijawahi kuipenda.

Shida iliyobaki ni shuleni, kule ruhusa ya chooni ni mpaka mapumziko. Daktari ameniandikia barua, kesho naipeleka kwa mwalimu wake mwenyewe mkononi, simpi mtoto aibebe.