Kutoka Mashamba ya Majaribio ya Uyole hadi Ukufunzi wa Chuo Kikuu

Nilipohitimu shahada ya kwanza ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wastani wangu wa ufaulu ulivuka 3.8 kati ya 5, kiwango ambacho vyuo vikuu vyetu hukitaka kwa mwombaji wa nafasi ya mkufunzi msaidizi, ngazi ya kwanza ya ualimu wa chuo kikuu. Hata hivyo, wenye wastani huo ni wengi na nafasi zinazotangazwa katika fani moja ni chache mno. Nilirudi nyumbani Mbeya nikiwa nimeazimia kutafuta kwanza kazi ya utafiti, hata kama malipo yake yangekuwa kidogo.

Niliandika barua kwa kituo cha Uyole, Mbeya, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kuomba kujitolea katika utafiti wa maharage, zao ambalo watafiti wa Uyole wamelishughulikia kwa miongo mingi na kuwapatia wakulima aina kama Uyole 96. Sikujaza barua hiyo maneno ya jumla kuhusu ari yangu, bali nilieleza kwamba utafiti wangu wa mwaka wa mwisho ulihusu magonjwa ya majani ya maharage, nikaambatanisha na jedwali la matokeo. Nilipokewa, na baadaye nikapewa mkataba wa muda wa msaidizi wa utafiti.

Hapo ndipo nilipoyaelewa mambo niliyokuwa nimeyasikia darasani tu: kwa nini kila aina ya mbegu hupandwa katika vipande kadhaa vya shamba vinavyopangwa kwa kura, ili rutuba ya kona moja isije ikadhaniwa kuwa ubora wa mbegu, na jinsi ya kuupa ugonjwa alama kuanzia 1 hadi 9 bila kupendelea aina unayoitarajia ishinde. Jioni nilijifunza R, programu ya takwimu isiyolipiwa, nikitumia takwimu halisi za msimu. Mtafiti kiongozi alipoona kwamba naweza kuzichambua, alinikabidhi sehemu ya uchambuzi, na jina langu likaingia miongoni mwa waandishi wa makala ya jarida. Kwa maoni yangu, hakuna ujuzi unaomfungulia kijana mtafiti milango mingi kuliko huu wa kuchambua takwimu, na inasikitisha kwamba wahitimu wengi huuogopa.

Tangazo la nafasi ya mkufunzi msaidizi lilipotoka kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali kinachoendesha usaili wa ajira za umma, usaili ulikuwa wa hatua tatu: mtihani wa kuandika, kufundisha somo mbele ya jopo, na mahojiano. Nilichagua kufundisha mpangilio wa majaribio ya shambani, nikachora ubaoni shamba lenye mteremko kama yalivyo mengi ya kwetu. Karibu maswali yote ya jopo yalihusu makala ile na sehemu niliyoifanya mwenyewe.

Nilipata nafasi hiyo. Ukufunzi msaidizi ni nafasi ya mafunzo: ni lazima upate shahada ya uzamili ndipo uwe mhadhiri msaidizi, kisha uzamivu ndipo uwe mhadhiri. Masomo yangu ya uzamili yaligharamiwa na HEET, mradi wa serikali wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza mwaka 2021, ambao pamoja na ujenzi umesomesha wanataaluma wa vyuo vikuu vya umma. Nilifanikiwa kwa sababu andiko langu la utafiti lilikuwa tayari, limekwisha kusomwa na kukosolewa na msimamizi, kabla majina ya waombaji wa ufadhili huo hayajaitishwa. Sasa naandaa andiko la uzamivu kuhusu maharage yanayostahimili magonjwa ya majani, na majaribio yake nimeyapanga kufanyika Uyole.